TAHARIRI: Mlezi wa sanaa asigeuke askari

Wasomaji wetu wengi watakumbuka kisa cha Machi 2017. Mwanamuziki wa kizazi kipya, Nay wa Mitego, alikamatwa na polisi mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaupiga wimbo huo marufuku. Kabla watu hawajamaliza kubishana ikatoka habari nyingine: Rais John Magufuli ameusikia wimbo, ameupenda, na anataka msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Habari hiyo ilitolewa na Dk. Harrison Mwakyembe, waziri aliyekuwa na siku chache tu tangu akabidhiwe wizara ya habari na utamaduni. Msanii akashauriwa hata kuongeza maneno, awaguse na wakwepa kodi.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kijana kutoka rumande si jambo dogo. Lakini tukilitazama jambo lenyewe kwa utulivu tutaona kwamba lilipaswa kututia hofu. Wimbo wa Jumapili na wimbo wa Jumatatu ulikuwa ule ule. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa mmoja amefurahi. Je, angenuna, ingekuwaje? Siku chache tu baadaye, Aprili 2017, msanii mwingine wa mashairi makali, Roma Mkatoliki, alichukuliwa kutoka studio jijini Dar es Salaam pamoja na wenzake na watu ambao hawakujulikana, akaonekana siku ya tatu akiwa na majeraha.

Leo tunataka kulizungumzia jambo hili bila jazba: nani mwenye haki ya kumwekea msanii mipaka, na mipaka hiyo ikae wapi?

Tuanze kwa kukubali ukweli. Sanaa isiyo na mipaka yoyote haipo. Ushairi wetu wa Kiswahili ni shahidi. Mtunzi wa shairi la jadi huhesabu mizani nane na nane katika kila mshororo, akachunga kina cha kati na kina cha mwisho, na akikosea wanaojua watamwambia bila kumung'unya kuwa shairi lake linachechemea. Hakuna aliyewahi kusema kuwa vina na mizani viliua ubunifu wa pwani. Kinyume chake, ndivyo vilivyowafanya watunzi walitafute neno mpaka walipate.

Na ulipofika wakati wa kuivunja sheria hiyo, ilivunjwa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake "Kichomi", mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ukazuka ugomvi mkubwa. Wapo waliosema kuwa hayo si mashairi bali ni maneno yaliyokatwakatwa. Wapo waliosema kuwa lugha imepanuka. Wataalamu wakajibizana miaka na miaka, vitabu vikaandikwa. Lakini polisi hawakuitwa kuamua shairi ni nini. Walioachiwa kuamua ni wasomaji, na leo mashairi ya aina zote mbili yanasomwa na kufundishwa. Huo ndio udhibiti tunaouamini sisi, yaani wajuzi na wasomaji kubishana hadharani huku kila upande ukitoa hoja zake.

Udhibiti wa namna nyingine, ule wa mhuri na pingu, historia yake si nzuri. Mwandishi huyo huyo, riwaya yake ya "Rosa Mistika" ya mwaka 1971 ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi mambo ambayo wakubwa waliona yanapotosha wasichana. Baadaye ikawa kitabu cha kiada, na wasichana na wavulana wakaifanyia mitihani. Marehemu Remmy Ongala alitunga "Mambo kwa Soksi" kuwataka watu wajikinge na ukimwi. Radio Tanzania haikuupiga, kwa hoja ya maadili. Ugonjwa wakati huo ulikuwa unaingia nyumba hadi nyumba, na mtu aliyekuwa akiimba kuhusu kinga ndiye aliyeonekana mkosaji. Kuna makosa ya udhibiti ambayo hulipwa kwa maisha ya watu.

Upande wa Kenya, Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipofungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Mashairi aliyoyaandika gerezani yakatoka mwaka 1973 katika "Sauti ya Dhiki", na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Naye baada ya kutoka aliishi na kufanya kazi nje ya nchi yake, Dar es Salaam, London na Leipzig. Kati yetu tunaosomana hapa wamo waliopita njia kama hiyo.

Wala tusidhani hayo ni ya zamani. Aprili 2025 wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao "Echoes of War", uliotungwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamuru waruhusiwe. Pamoja na hayo walikutana na polisi na mabomu ya machozi, mtunzi akazuiwa kuwafikia, na wao wakaingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Tunajiuliza, serikali ilishinda nini siku ile? Mchezo ambao ungetazamwa na waliokuwamo ukumbini ukazungumzwa na nchi nzima, na mpaka huku tuliko.

Tunajua jibu la wakubwa. Watasema: ninyi mnaoishi Ulaya na Marekani mnasema kwa urahisi kwa sababu moto ukiwaka hautawafikia. Watatukumbusha Rwanda, ambako redio RTLM ilitumika kuchochea mauaji ya mwaka 1994. Hoja hiyo ni nzito na hatutaikimbia. Maneno huua. Wimbo unaweza kuua.

Lakini tuitazame Rwanda vizuri. Mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa na redio hiyo, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, pale pale Arusha. Mashahidi waliitwa, nyimbo zikachambuliwa neno kwa neno, naye akawa na mawakili wa kumtetea. Desemba 2008 alihukumiwa miaka 15. Hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake, bali kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani akiwahimiza watu waue. Majaji waliokuwa na mafaili ya mauaji ya kimbari mbele yao, hawakukubali kuchanganya wimbo na amri ya kuua. Walidai ushahidi. Kama mahakama hiyo iliweza kuwa na subira kiasi hicho, baraza la sanaa linashindwaje kuwa na subira kwa wimbo wa mapenzi au wa kuwakejeli viongozi?

Maana tukumbuke pia Desemba 2018. BASATA iliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny wasifanye maonyesho ndani na nje ya nchi, kwa kuuimba jukwaani wimbo "Mwanza" uliokuwa umeshapigwa marufuku. Mwezi uliofuata kifungo kikaondolewa. Hatuutetei wimbo huo. Kuna mzazi asiyependa mwanawe ausikie, na ana haki. Lakini kumzuia mtu asifanye kazi yake hata katika nchi nyingine si ulezi. Mwaka huo huo wa 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu Tanzania alipe ada zinazozidi shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini wapo waliofunga kurasa zao na hawakurudi tena.

Sasa tujitazame na sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule. Gazeti hili linaendeshwa nje, na hakuna afisa anayekuja kutugongea mlango. Hata hivyo tunakata. Barua inayomtukana mtu mzazi wake hatuitoi. Makala yenye kumzushia mtu wizi bila ushahidi hatuitoi, hata kama imeandikwa kwa Kiswahili kitamu. Kwa hiyo sisi nasi ni wadhibiti. Tofauti ni kwamba tukikosea, mwandishi anaweza kwenda kwingine akachapisha makala ile ile na kutusema pia, nasi hatuna gereza la kumpeleka.

Tena katika jumuiya zetu za ughaibuni tuna mabaraza yetu yasiyoandikwa. Kijana aliyezaliwa huku akitunga wimbo wenye Kiswahili cha kuchanganya, au akaipiga taarabu kwa kompyuta, wazee tunamkalia vikao. "Unatuharibia utamaduni." Tunasahau kwamba taarabu yenyewe iliingia Zanzibar ikiimbwa Kiarabu, kisha akina Siti binti Saad wakaiimba Kiswahili na kuiteremsha ng'ambo ya pili. Wangenyamazishwa wale, leo tungekuwa tunalinda nini? Ukimkataza kijana kuichezea lugha yako, usishangae akiiacha kabisa. Hilo ndilo linalotuuma zaidi sisi tulio mbali, kwa sababu kila nyumba ina mtoto anayesikia Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza.

BASATA iliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 ili kuilea sanaa. Kulea ni kazi ya heshima. Mlezi humkanya mtoto, lakini hamzibi mdomo. Kwa hiyo tunasema haya, kwa Tanzania na kwa majirani zake:

Kwanza, uachwe utaratibu wowote wa kumtaka msanii apeleke kazi yake ikaguliwe kabla wananchi hawajaisikia. Pawepo alama ya umri kwa ajili ya watoto, hilo tunaliunga mkono, lakini mtu mzima aachiwe masikio yake.

Pili, anayeona wimbo au mchezo umevunja sheria aende mahakamani, aseme ni kifungu gani na ni maneno gani. Msanii asikilizwe kabla ya kuadhibiwa, na uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake. Jambo hilo lisisubiri simu kutoka juu, iwe ya kufunga au ya kufungua.

Tatu, nguvu zinazotumika kuwafukuza wasanii zihamishiwe kuwafukuza wezi wa kazi zao. Msanii wetu anaibiwa nyimbo mchana kweupe, na hapo walezi huwa hawaonekani. Baraza litakalomsaidia msanii kupata haki ya jasho lake litasikilizwa siku litakapomwita kumkanya.

Na kwa wasanii nao tuna neno. Uhuru huo tunaoudai si wa kumdhalilisha mwanamke katika kila wimbo, wala wa kutukana kwa sababu hoja imekosekana. Ukipewa uwanja, cheza. Mtunzi hodari wa zamani aliweza kumchoma mtawala kwa fumbo, watu wote wakacheka na mtawala mwenyewe akacheka nao kabla hajatambua.

Tunajua tahariri hii itawaudhi baadhi ya wasomaji wetu, wa nyumbani na wa huku. Watuandikie. Tutayatoa maoni yao, hata yale ya kutupinga, mradi wasitutukanie wazazi.