Mapenzi si Ruhusa ya Uongo

Msomaji kijana, ipo aina ya riwaya ambayo walimu wengi huidharau na wanafunzi wengi huisoma kwa siri. Ni riwaya ya mapenzi ya zamani. Wanawake hukusanyika kushona mfarishi, yaani tandiko la vipande vya nguo vilivyounganishwa. Sindano zinakwenda, ndimi zinakwenda, na kabla uzi haujaisha mmoja wao amekwisha pata mchumba. Riwaya za namna hii zimeenea sana Marekani, ambako Jennifer Chiaverini alianza mfululizo wake juu ya washonaji wa mifarishi mwaka 1999.

Sina ugomvi na mapenzi, wala sina ugomvi na sindano. Anayesema kwamba mazungumzo ya wanawake kazini si historia amesahau nani alimvika nguo yake ya kwanza. Ugomvi wangu ni na neno moja litolewalo kila riwaya hizi zinapopimwa: "Hii ni hadithi ya mapenzi tu, ukweli wa historia ni wa nini?" Neno hili ni dogo, lakini ni sumu.

Tazama lililotokea Marekani. Mwaka uo huo wa 1999 kilitoka kitabu kiitwacho Hidden in Plain View, kilichodai kwamba watumwa waliotoroka waliongozwa na alama za siri zilizoshonwa katika mifarishi. Dai lilipendeza, likaenea hata likaingia madarasani. Wanahistoria walipotafuta ushahidi wa zama zile, hawakuuona. Labda utauliza, hasara yake nini? Hasara ni kwamba hadithi tamu huwafunika watu wa kweli. Harriet Powers alizaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye visa vya Biblia, na mwaka 1891 shida ilimlazimisha kuuuza kwa dola 5, nusu ya bei aliyoitaka. Katika dola zile 5 mna uchungu na heshima kuliko katika alama mia za kubuni.

Usidhani kuwa jambo hili ni la ng'ambo peke yake. Wanawake wa kizungu katika Kenya waliunda chama chao, East Africa Women's League, mwaka 1917. Wanachama wake walidarizi vitambaa vya kuonyesha maisha ya walowezi katika nchi hii, na mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kikachapwa kitabu juu ya kazi hiyo. Jina lake ni They Made It Their Home, maana yake, Walipafanya Kwao. Sindano haina hatia, na kazi nzuri husifiwa. Lakini sisi wakazi wa Kitale tunayo haki ya kuuliza: kabla hapajafanywa kwao, palikuwa kwa nani? Nyanda hizi za Trans Nzoia zilikuwa malisho ya Wasabaoti na jirani zao. Walowezi walipozitwaa, wengi walikuja kutoka upande wa Bungoma kufanya kazi katika mashamba yao. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi amtumikie siku zisizopungua 180 kila mwaka. Mtunzi akiweka mapenzi yake katika baraza la mabibi washonao, akaziacha siku zile 180 nje ya mlango, hakuandika habari za zamani, amezifagia.

Wako watakaosema kwamba mtunzi ana uhuru wa kubuni. Naam, anao. Na abuni majina, barua, wivu na machozi. Fundi cherehani ana hiari ya mshono, lakini hana hiari ya kupunja kitambaa cha mteja. Kitambaa cha riwaya ya zamani ni maisha ya watu waliokuwapo, nao hawawezi kufufuka kujitetea.

Basi dawa si kuzichoma riwaya hizi. Dawa ni kuandika zilizo bora. Mwaka 1952, mwaka iliotangazwa Hali ya Hatari, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya mkono wa serikali ya kikoloni. Katika vilabu vyake wanawake walifundishwa kushona, usafi na ulezi, na serikali ilitumai kwamba vitawatenga na Mau Mau. Lakini mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho. Fikiri juu ya msichana ashonaye katika klabu kama hiyo, kaka yake yu kizuizini, na kijana ampendaye ni karani wa serikali. Abaki katika duara la washonaji, au asimame aondoke? Mapenzi yale yatakuwa na uzito kwa sababu historia inayabana pande zote.

Kwa hiyo, msomaji, soma riwaya za mapenzi bila haya, lakini soma macho wazi. Kila ukutapo wanawake wameketi wakishona, uliza nani anawachotea maji, nani hakukaribishwa, na ardhi iliyo chini ya viti vyao ilipatikanaje. Na kama nyanya yako yu hai, mwendee umuulize alijifunza wapi kushona, na nani aliketi kando yake. Majibu yake hayamo katika maktaba ya shule yako, na hayatakuwamo mpaka mmoja wenu ayaandike.