Daftari Liwe Moja, Funguo Zigawanywe

Mtumishi aingiapo ofisini asubuhi, akaketi mbele ya kompyuta na kuandika jina lake na neno lake la siri, huliona jambo hilo kuwa dogo. Kumbe nyuma ya kioo kile limo daftari kubwa la majina, ambalo mafundi huliita saraka, na ndilo linaloamua nani aingie, afungue jalada lipi na atumie mashine ipi. Daftari hilo likipangwa ovyo, kazi ya watu wengi hukwama, na wa kwanza kuumia ni yule aliye mbali na makao makuu.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye ofisi kuu mjini Mbarara na tawi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro. Je, saraka yake iwe na kikoa kimoja, yaani milki moja ya majina kwa sehemu zote mbili, au Mbarara wawe na chao na Nakivale wawe na chao? Wapo wanaotetea vikoa vingi, na hoja zao ni tatu. Ni haki tuzipime moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni usalama: ati tawi likiingiliwa na wezi, makao makuu yatasalimika. Hoja hii haina msingi. Katika saraka ya Microsoft, iliyoanza kutumika na Windows 2000, ukuta wa kweli wa usalama haukujengwa kati ya kikoa na kikoa. Umejengwa kuzunguka msitu mzima, yaani mkusanyiko wa vikoa vinavyoaminiana. Msimamizi mbaya wa kikoa kimoja anaweza kuudhuru msitu wote.

Hoja ya pili ni kwamba wahasibu wanahitaji masharti makali zaidi ya maneno ya siri kuliko watumishi wengine. Zamani hoja hii ilikuwa na uzito, kwa kuwa kikoa kimoja kilikuwa na masharti ya aina moja tu. Lakini tangu Windows Server 2008 kikoa kimoja kinaweza kuweka masharti mbalimbali kwa makundi mbalimbali. Sababu imekwisha, mazoea ndiyo yaliyobaki.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: njia ya mawasiliano kati ya Nakivale na mjini ikikatika, watumishi wa tawi watafanyaje kazi? Wasiwasi huu ni wa haki, lakini dawa yake si kuligawa daftari. Dawa yake ni kuweka Nakivale seva yenye nakala ya daftari hilo hilo, na kupanga saa za kupelekeana mabadiliko. Pale ambapo chumba hakina kufuli imara, ipo seva ya kusomwa tu, ambayo haihifadhi maneno ya siri ya watu wote. Ikiibwa, hasara ina mipaka.

Tena tusisahau gharama. Kila kikoa kinataka seva zake, zisipungue mbili kwa tahadhari, nakala zake za akiba na fundi wa kukiangalia. Kampuni yenye fundi mmoja itakuwa imempa mashamba mawili na jembe moja.

Kisha lipo suala la majina. Wengi hupenda kukiita kikoa kwa jina la wilaya au idara. Lakini historia ya hapa inatuonya. Mwaka 2005 Isingiro ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbarara, na mwaka 2020 Mbarara ikawa jiji. Ndani ya Nakivale kwenyewe, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo wako pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mipaka huhama, na watu huhama. Jina la kikoa ni kazi kubwa kulibadili. Basi litokane na jina la mtandao ambalo kampuni imelisajili yenyewe, nayo matawi yawe vitengo ndani yake, ambavyo kuvihamisha ni kazi ya dakika chache.

Madhara ya daftari bovu tumeyaona katika jambo kubwa kuliko kompyuta za ofisi. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walihakiki upya wakimbizi nchini kote kwa alama za mwili. Hesabu ya awali ilikuwa watu wapatao milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Jina lisilo na mtu hula chakula cha mtu asiye na jina. Ofisini nako, mtumishi aliyeondoka akafutwa Mbarara na kusahauliwa Nakivale, amebaki na ufunguo mfukoni.

Hata hivyo, daftari moja lisiwe kisingizio cha kuwanyima watu wa tawi sauti. Makazi ya Nakivale ni mamoja, lakini wakimbizi huchagua Mabaraza yao ya Ustawi kuanzia kijijini. Vivyo hivyo mtumishi wa Nakivale apewe mamlaka ya kuwafungulia wenzake waliosahau maneno ya siri, bila kusubiri ruhusa ya mjini.

Utengano una mahali pake: ni pale taasisi zinapokuwa mbili zenye wajibu tofauti kisheria. Kumbukumbu za wakimbizi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, kamwe zisichanganywe na saraka ya watumishi. Lakini nyumba iliyo moja haina haja ya kuta za ziada. Wakuu wa kampuni wasiwaachie mafundi peke yao uamuzi huu, kwa maana kupanga majina ni kupanga madaraka.