Mwanasesere Mpelelezi

Huko Marekani, kitabu kilichotolewa mwaka 2005 kimezaa desturi ya Disemba: mwanasesere mwenye kofia nyekundu huwekwa nyumbani, na watoto huambiwa kuwa kila usiku huenda kumpasha Baba Krismasi habari za mienendo yao. Watoto wakilala, wazazi humhamisha: leo kazama katika kopo la sukari, kesho avua samaki kwenye beseni. Twakiri, mzaha huo watuchekesha.

Lakini mtoto wa Kiislamu aishiye huko akiuliza, "Kweli atuona?" ajibiwe nini? Mama mmoja alimwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu. Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Basi, enyi wazazi, usiku wa Idi zificheni tende chini ya mito yao. Wakiuliza nani kaziweka, semeni: sisi.