Spika za kujiundia: Usichague kwa macho!

Wiki hii tunaachana kidogo na mambo ya mapazia na makochi. Kuna msomaji wetu wa Tabata kaleta barua ndefu, na nimeona bora nimjibu hapa hapa ukumbini, maana wenye ugonjwa kama wake najua mko wengi. Anasema zamu yake ya upatu imeangukia mwezi huu. Marehemu baba yake alimwachia amplifaya ya zamani, nzito kama tofali, inayolia vizuri mpaka leo, pamoja na sanduku zima la kaseti za bendi. Spika zake ndizo zilizokufa, karatasi zimeoza zote. Sasa kaka huyu amegundua kwamba huko nje wanauza seti za spika ndogo za kujiundia, zile za kuweka juu ya kabati la vitabu. Unaletewa vipande, unaunda mwenyewe. Mama watoto yeye anasema hela hiyo ikanunue sabufa ya dukani yenye taa na rimoti, mambo yaishe. Wamekubaliana kwamba mume atachagua, lakini akivurunda hakuna upatu wa pili. Anauliza achukue seti gani.

Shemeji asinichukie, lakini hapa niko upande wa mumewe. Zile namba kubwa kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi ya dukani, "PMPO 5000W" na kadhalika, ni za kuvutia macho tu. Kifaa kinachochomekwa ukutani na kula wati 60 za umeme hakiwezi kukutolea wati elfu tano za muziki, hata ukisomewa dua. Halafu sabufa inakuja na amplifaya yake ndani, kwa hiyo ile ya mzee itabaki kuwa pambo la kuwekea vitambaa. Hilo ndilo linalomuuma jamaa, barua yake inaonyesha wazi.

Sasa tuje kwenye seti yenyewe. Ukifungua furushi unakuta wufa mbili, twita mbili, na vidude vya krosova, yaani koili, kapasita na rezista. Krosova ndiyo inayogawa kazi: sauti nzito iende kwenye wufa, sauti nyembamba iende kwenye twita. Watu wengi wanafikiri ubora uko kwenye wufa, wanaipima sumaku kwa mkono kama wanapima nyama buchani. Ubora uko kwenye krosova, bwana. Mtu aliyebuni seti amekaa na maiki na kompyuta, akazipima wufa ile na twita ile zikiwa kwenye boksi lile, ndipo akachagua koili ya ukubwa fulani na kapasita ya ukubwa fulani. Hesabu za kuoanisha wufa na boksi hazikuanza jana: Neville Thiele wa Australia alizitoa mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Ndiyo maana ukiambiwa na fundi "hii twita hata Kariakoo ipo, tubadilishe tupunguze gharama", mkatalie kwa heshima. Ukibadilisha twita, krosova inakuwa imeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Kitu cha kwanza cha kuangalia, kabla hata ya kutazama picha za seti, ni mgongo wa amplifaya ya mzee. Msomaji wetu ameandika kwamba imechapwa "8–16 ohms". Safi sana, ameshapunguza nusu ya kazi. Omu ni kiasi ambacho spika inauzuia umeme. Spika ya omu 4 inanyonya mkondo mkubwa zaidi kuliko ya omu 8, na amplifaya isiyotengenezwa kwa ajili hiyo itachemka, na siku utakapofungulia sauti kwenye maulidi ya mtoto, itaungua. Kwa hiyo seti yoyote iliyoandikwa omu 4, hata kama inasifiwa dunia nzima, kwake haifai. Asome karatasi ya seti. Muuzaji asiyekuwa na karatasi hiyo aachwe.

Kitu cha pili ni desibeli. Kila seti ina namba inayoonyesha inapaza kiasi gani ikipewa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Tuseme moja ina 83 na nyingine 89. Unaona tofauti ya sita tu, unaona ni kitu kidogo. Kumbe kila desibeli tatu ni wati mara mbili! Ile ya 83 itataka wati 40 pale ambapo mwenzake anatumia 10. Kwa amplifaya ya kizamani ya wati chache, hapo ndipo penye mambo.

Na usije ukadhani utapata vyote. Kulikuwa na mzee Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya spika ya KLH huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1957. Jina lake limebaki kwenye kanuni ambayo kila muunda spika anaijua: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa wati chache, chagua viwili, cha tatu samehe. Msomaji wetu ameshachagua boksi dogo kwa sababu sebule yake, anasema, ni mita tatu kwa nne na ndani yake kuna meza ya chakula pia. Basi abaki na la kuchagua moja tu.

Ametaja seti tatu. Ya kwanza inaitwa Overnight Sensations, kazi ya Mmarekani Paul Carmody. Wufa yake ni ya HiVi, inchi 4, na twita ni kidude kidogo kweli kweli. Inapendwa na wengi wanaojifunza, kwa kuwa ni ndogo na haitishi mfuko. Lakini wufa ya inchi nne ni wufa ya inchi nne. Kwa chumba cha kulala au mezani pa kompyuta ningesema ndiyo mara moja. Kwa besi la bendi zile za mzee, sebuleni, itakuwa inatokwa jasho.

Ya pili imemchanganya kwa sababu ya jina: LS3/5A. Hiyo ina historia. Ilibuniwa na wahandisi wa BBC, ile ile iliyoanza kutangaza Kiswahili mwaka 1957, miaka ya 1970 mwanzoni, kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo spika kubwa haiingii. Boksi lake lina urefu wa sentimita 30 hivi tu. Wufa ya B110 na twita ya T27 zilitoka kampuni ya KEF, na aliyezibuni, Malcolm Jones, ndiye aliyeanzisha Falcon Acoustics mwaka 1972, kampuni ambayo imekuja kuuza hata seti ya kujiundia. Omu zake ni 15 kwa zile za asili, kwa hiyo amplifaya ya mzee ingeipokea bila kinyongo. Sauti ya mwanadamu juu yake utadhani mtu yuko chumbani. Lakini ni nzito kupaza, ipo kwenye hizo desibeli 83, besi ya chini haina, na bei inazipita zile nyingine mara kadhaa. Kaka, hiyo siyo ya upatu. Hiyo ni ya kiinua mgongo.

Ya tatu ni C-Note ya Dayton Audio, inayouzwa na Parts Express wa Ohio. Wufa inchi 5, ya omu 8, na twita ya inchi moja iliyozungushiwa kibakuli cha kuelekeza sauti. Kutoka inchi nne kwenda tano unaweza kuona ni utani, lakini eneo la karatasi linaongezeka kwa karibu nusu nzima, na besi ni kazi ya kusukuma hewa. Mimi ningechukua hii. Kwa chumba chake, kaseti zake na amplifaya yake, naona ndiyo inayokaa pale.

Lakini asinunue mbao zake. Mbao za MDF ni nzito na usafiri unalipwa kwa kilo. Aagize wufa, twita na krosova, halafu akamuone seremala. Hapo ndipo penye mtego: vipimo vya muhimu ni vya NDANI ya boksi. Chukua boksi la nje sentimita 30 kwa 20 kwa 20, hiyo ni lita 12. Mbao ikiwa ya milimita 18, ndani kunabaki lita 7 tu! Seremala akikosa ya 18 akakuwekea ya 25 "ili iwe imara", ameshakuibia besi bila kujua. Na asimruhusu atumie mninga kwa kujionyesha. Mbao ya mti hucheza na unyevu, na Dar unaujua unyevu wake. MDF au plaiwudi nzuri, kingo zipakwe gundi ya mbao kabla ya rangi, maana MDF ikinywa maji inavimba kama andazi.

Lile bomba la hewa nalo lisikatwe kwa sababu limegusa ukuta wa ndani. Urefu wake ndio unaopanga besi. Kama tundu limewekwa nyuma, spika zisisukumwe mpaka ukutani, zipewe nafasi ya kiganja au zaidi, la sivyo besi itavuma kama lori la mchanga. Na sebule yenye sakafu ya simenti na kuta tupu inagonga sauti. Mkeka na mapazia mazito vitasaidia kuliko kubadilisha waya, kwa hiyo shemeji naye ana fungu lake kwenye bajeti hii.

Akishalehemu, kabla hajafunga mabati na skrubu, achukue betri moja ya tochi, ya volti 1.5, aiguse kwenye wufa, chanya kwa chanya. Karatasi ikiruka kuja nje, yuko sawa. Ikirudi ndani, amefunga kinyume, na spika mbili zikiwa zinavutana hivyo besi yote inapotea na mwimbaji hujui amesimama wapi. Twita asiiguse na betri. Hiyo afuate alama nyekundu tu.