Liverpool: Mechi 5 Tamu, Mechi 4 Chungu, na Usiniambie ni Bahati Mbaya

Wasee wengi wa Liverpool simu zilikuwa silent tangu Jumamosi usiku, Oktoba 25, 2025. Brentford 3, sisi 2. Hicho kilikuwa kichapo cha 4 mfululizo kwa ligi, na mara ya mwisho kabla ya hapo tulipigwa hivyo ilikuwa Februari 2021, enzi za viwanja bila mashabiki.

Sasa weka hiyo kando ya hii: msimu wa 2024/25, ule tulibeba ubingwa, tulipoteza mechi 4 pekee kati ya 38. Hiyo idadi tuliimaliza kabla Oktoba 2025 kuisha. Arsenal walikuwa juu na pointi 22, sisi 15. Msee wa Gunners kwa ploti yetu ameanza kusalimia watu asubuhi, kitu hajawahi fanya.

Kuna story inazunguka ati tulianza fiti halafu tukaharibika. Zii. Rudi uangalie zile 5 tulishinda. Bournemouth tuliwaongoza 2-0, wakarudisha zote, Chiesa akatuokoa dakika ya 88. Newcastle walikuwa wamebaki 10 uwanjani na bado wakatoka 2-0 hadi 2-2, mpaka kijana wa miaka 16, Rio Ngumoha, akafunga dakika ya 100. Arsenal ilikuwa friikiki ya Szoboszlai, dakika ya 83. Burnley, penalti ya Salah dakika ya 95. Huyo si bingwa anatesa. Huyo ni msee anadandia mathree ikiwa imeshang'oa, kila siku.

Halafu tukakosa mlango. Nketiah wa Palace dakika ya 97. Estêvão wa Chelsea dakika ya 95. Maguire, MAGUIRE, dakika ya 84 hapo Anfield, na United hawakuwa wameshinda hapo tangu Januari 2016.

Shida iko wapi? Ya kwanza, mipira ya juu. Goli la Nketiah lilianza na mpira wa kurusha. La kwanza la Brentford, the same: Kayode akarusha ndefu, Ajer akaguza na kichwa, Ouattara akamaliza, na hata dakika 6 hazijaisha. Kila kocha England ameona hiyo video. Ukitaka kuumiza Liverpool, huhitaji kucheza ball safi, rusha tu ndani ya boksi.

Ya pili, tulibomoa nyumba tukiwa tunaishi ndani. Trent alienda Madrid, Díaz Bayern, Núñez Saudia. Tukamwaga zaidi ya pauni milioni 400: Wirtz, Ekitike, Kerkez, Frimpong, na Isak wa milioni 125, rekodi ya Uingereza wakati huo. Isak alikuwa amegomea Newcastle, pre-season hakufanya. Unategemea mtu kama huyo akimbie kama nani? Salah naye alizoea pasi za Trent kutoka nyuma yake. Msimu wa 2024/25 alifunga 29 kwa ligi. Oktoba hiyo alikuwa anapokea mpira amezungukwa na wawili, na hakukuwa na mtu wa kumpitia nje.

Halafu kuna kitu wasee wa banter hawataki kugusa. Julai 3, 2025 Diogo Jota alikufa kwa ajali ya gari Spain, yeye na brathe yake André. Alikuwa na miaka 28, siku 11 tu baada ya harusi. Hao wachezaji walimzika beste, wakarudi mazoezi. Kila mechi dakika ya 20 uwanja ulikuwa unamwimbia, na wao walitakiwa waendelee kukaba. Sisemi hiyo ndiyo inafanya tufungwe mipira ya kurusha. Nasema ukiita Robertson mvivu, kumbuka ametoka wapi.

Slot alifaa kutimuliwa wakati huo? Wacha ujinga. Jumatano, Oktoba 22, 2025 timu hiyo hiyo iliwapiga Frankfurt 5-1 kwao. Lakini alifaa awache kubadilisha fowadi kila wiki, na awafunze hao mabeki kuruka.

Na wewe unayeweka Liverpool kwa mkeka kama ile timu ya "uhakika", ukitumia doh ya rent, hiyo timu ilikuwa ya 2024/25. Jumatano iliyofuata ilikuwa Palace tena, kwa Carabao. Jumamosi Villa, Jumanne Real Madrid, halafu Jumapili City kwao. Mimi nilipanga kuwatch zote, na mfuko nilifunga.