Swali Litangulie Spana

Katika mafunzo ya ufundi kuna mazoea ambayo sisi walimu hatuna budi kuyachunguza upya, nayo ni kumpa mwanafunzi spana kabla ya kumpa nafasi ya kuuliza. Ubaya wake tutaueleza kwa kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na mashine ya kukatia majani, ya aina ile ambayo dereva huiketia kama trekta dogo. Injini iliwaka vizuri, ikafanya kazi kiasi cha robo saa, kisha ikadhoofu na kuzimika. Ikipumzishwa, iliwaka tena. Mbele ya wanafunzi tulitamka bila kusita kwamba kabureta imekwisha. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini injini izimike kila mara baada ya muda uleule. Tulimjibu kwamba ashike spana. Kabureta mpya ikanunuliwa, ikafungwa, na baada ya robo saa injini ikazimika vilevile.

Ubovu ulikuwa katika kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina kitundu cha kupitishia hewa, ili hewa ishike nafasi ya petroli inayotoka. Kilikuwa kimezibwa na vumbi. Petroli ilipopungua, hewa iliyobaki tangini ilikosa nguvu, na petroli ikashindwa kwenda. Injini ilipozimika, hewa ilipenya polepole, na mashine ikapona kwa muda. Swali la kijana yule lilikuwa limekwisha kuonyesha njia.

Je, somo kama hili lipangwe vipi? John Dewey, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, alitaja hatua tano za kufikiri: kuhisi tatizo, kulibainisha, kukisia ufumbuzi, kuupima kwa hoja, na kuuthibitisha kwa majaribio. Hizo ndizo hatua za fundi hodari.

Injini ikizimika, plagi ifunguliwe. Ikiwa kavu, yaelekea petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, na ubovu utafutwe kwingine. Kisha njia ya petroli ifuatwe tangu tangini. Kifuniko kilegezwe kidogo: injini ikiendelea bila kuzimika, kitundu kimeziba. Mpira uchomolewe kabla ya chujio, halafu baada yake: petroli ikitiririka pale na kukoma hapa, chujio ndilo lenye kosa. Pampu za mashine nyingi za namna hii huendeshwa na mapigo ya hewa yatokayo ndani ya injini kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, pampu haivuti. Kabureta yenyewe ifunguliwe mwisho, maana kazi yake ni ndefu, ingawa ni kweli kwamba petroli iliyolala miezi kadhaa huacha utando unaoziba matundu yake madogo. Kazi yote ifanyike nje, injini ikiwa imepoa wakati wa kuchomoa mipira, petroli ikingwe katika chombo cha bati, na moto usikaribie.

Wako wenzetu watakaosema kwamba muda wa vipindi hautoshi kwa mwendo huo. Sisi twaona kwamba kulegeza kifuniko ni kazi ya dakika moja, ilhali kabureta ilitugharimu fedha na alasiri mbili.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kabla ya kugusa chombo, kila mwanachuo aandike mambo matatu: ameona nini, anashuku nini, na ni jaribio gani litakaloonyesha kwamba amekosea. Mwalimu naye aandike yake, ayasome mbele ya darasa, na akubali kusahihishwa.

Kabureta ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, tuliirudisha mahali pake. Lakini kijana yule hakutuuliza swali jingine hadi muhula ulipokwisha, na hasara hiyo hatukuwa na spana ya kuitengenezea.