Je, Turithi Majina ya Baba Zetu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo mwaka huu limejadiliwa sana bwenini na darasani, na ambalo najua linawasumbua pia wanafunzi wa zamani walio ng'ambo. Jambo lenyewe ni hili: je, inafaa sisi Warundi tuache desturi yetu ya kumpa kila mtoto jina lake mwenyewe, tuanze kurithi jina moja la ukoo kama wafanyavyo watu wa Ulaya? Wako wenzangu wasemao ndiyo. Mimi nasema hapana, nami nitatoa sababu zangu.

Kwanza niwaeleze wasomaji wa nchi jirani desturi yetu ilivyo. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa jina la Kirundi lililo lake peke yake, tena hupewa jina la ubatizo, au la Kiislamu kwa Waislamu. Baba aweza kuitwa Ndayizeye, mwanawe wa kwanza Niyonzima, na binti yake Nshimirimana, wala hakuna anayeshangaa. Majina hayo ni maneno kamili. Niyonzima maana yake ni Mungu ndiye aliye hai. Nshimirimana, namshukuru Mungu. Nkurunziza, habari njema. Mengine ni ya huzuni, na mengine ni fumbo analopelekewa jirani mbaya. Mtoto huchukua katika jina lake yale yaliyokuwa moyoni mwa wazazi siku alipozaliwa.

Wala desturi hii si ya wanyonge tu. Hata wafalme wetu waliifuata. Baada ya Ntare Rugamba alitawala mwanawe Mwezi Gisabo. Baada ya Mwezi, Mutaga. Baada ya Mutaga, Mwambutsa, aliyeshika ufalme tangu mwaka 1915 hadi 1966. Majina hayo manne ya kifalme yalizunguka kama gurudumu, hata hakuna mwana aliyetawala kwa jina la baba yake. Watoto wawili wa Mwambutsa waliitwa Rwagasore na Ndizeye. Rwagasore ndiye shujaa wa uhuru wetu, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na jina lake limeandikwa katika njia kuu ya mji wetu wa Bujumbura. Hakulipokea kwa baba yake. Hali kadhalika Rais Pierre Nkurunziza, aliyetawala tangu 2005 hadi 2020, alikuwa mtoto wa Eustache Ngabisha, aliyekuwa mbunge akauawa mwaka 1972. Ni baba na mwana, na majina ni mawili.

Sasa wenzangu wanaotaka majina ya ukoo hupenda kumtaja Kennedy. Husema: "Utazameni ukoo ule! Jina moja tu, na dunia nzima yalijua." Basi na tulitazame jina hilo tangu shina lake.

Kennedy ni jina la Kiairishi. Katika lugha ya wenyeji wa Ireland huandikwa Ó Cinnéide. Neno Ó maana yake ni mjukuu au mzao, kama vile Mac ni mwana. Naye binti wa ukoo huo huitwa Ní Chinnéide. Jina lenyewe hufasiriwa kwa njia mbili: wengine husema ni kichwa chenye kofia ya chuma, wengine husema ni kichwa kibaya. Wanaolitamani na wachague! Baba yake Brian Boru, yule mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, alikuwa na jina hilo. Waairishi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Ulaya kulifanya jina la babu kuwa urithi wa kudumu, na nchi ya kina Ó Cinnéide ilikuwa Ormond, upande wa kaskazini wa wilaya ya Tipperary ya leo. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, wengi waliacha Ó na Mac, na majina yakaandikwa kama yalivyosikika katika masikio ya Kiingereza. Ndivyo Ó Cinnéide alivyogeuka kuwa Kennedy.

Nawaheshimu Waairishi kwa kuyashika majina yao. Njaa kubwa iliyowapata tangu mwaka 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja, na wengine kama hao au zaidi wakahama. Mmoja wa waliohama ni Patrick Kennedy wa Dunganstown, katika wilaya ya Wexford, fundi wa mapipa, aliyefariki Boston mwaka 1858. Urithi wake mkubwa ulikuwa jina. Kitukuu chake, John F. Kennedy, alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1960, akawa Mkatoliki wa kwanza kushika kiti hicho. Mwezi wa Juni 1963 alikwenda Dunganstown kuwaona jamaa zake, na tarehe 22 Novemba mwaka ule ule akauawa Dallas. Kwa mtu aliyefukuzwa kwao na njaa, jina la ukoo ni kamba ya kumrudisha nyumbani. Hilo nalikubali kabisa.

Lakini kamba hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1962 mdogo wake Rais, Edward Moore Kennedy, mwenye umri wa miaka 30, aligombea kiti kile cha Seneti alichokiacha kaka yake. Mpinzani wake chamani, Edward McCormack, alimwambia mbele ya watu kwamba lau jina lake lingekuwa Edward Moore tu, ugombea wake ungekuwa mzaha. Edward alishinda, akafanya kazi katika Seneti mpaka alipofariki mwaka 2009, na wengi walimsifu. Lakini swali la McCormack lilikuwa la haki. Ni vijana wangapi wa miaka 30, wenye akili sawa na yake, ambao hawakufunguliwa mlango kwa kuwa jina lao halikujulikana? Tena mwaka 2024, Robert Kennedy mdogo alipogombea urais, ndugu zake kadhaa wa tumbo moja walimpinga hadharani. Jina walilorithi lilikuwa moja, na mawazo yalikuwa mbalimbali.

Tena jina moja si damu moja. Anthony Kennedy, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani tangu 1988 hadi 2018, si wa ukoo wa Rais yule. Charles Kennedy, aliyekiongoza chama cha Liberal Democrats cha Uingereza tangu 1999 hadi 2006, alikuwa mtu wa Scotland, ambako wako kina Kennedy wengine. Randall Kennedy, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, ni Mmarekani mweusi. Ukiwakuta hawa wote katika orodha moja, jina halitakuambia lolote juu ya mioyo yao.

Nasi wa Afrika Mashariki na nchi jirani tumelifanyia jina hilo jambo la ajabu: tumelitoa katika ukoo tukampa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1960 Tom Mboya wa Kenya alimwendea John F. Kennedy kuomba msaada wa nauli za ndege kwa wanafunzi waliopata nafasi Marekani, na mfuko wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000. Baada ya hapo majumba mengi yalipata mtoto aitwaye Kennedy. Ndiyo maana leo yuko Kennedy Odede wa Kibera, aliyeanzisha chama cha kuwasaidia watu wa mitaa ya mabanda. Yuko Kennedy Mweene, kipa wa Zambia iliyotwaa Kombe la Afrika mwaka 2012. Yuko Kennedy Musonda, Mzambia ambaye wapenzi wa Yanga wanamjua vizuri. Hakuna hata mmoja aliyelipokea kwa babu wa Tipperary. Wazazi wao walilichagua kwa moyo wao, kama Mrundi achaguavyo.

Katika wanafunzi waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwamo msichana mmoja wa Kikuyu, Wangari binti Muta, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Huyu aliolewa na Bwana Mathai, akachukua jina lake kwa desturi ya Kizungu. Ndoa ilipovunjika, mume alidai jina lake lirudishwe. Mama yule hakulirudisha. Aliongeza herufi moja ya "a", akawa Maathai mpaka kufa kwake mwaka 2011. Nawauliza wenzangu: ni urithi gani huu ambao mtu aweza kukudai kama sufuria aliyokuazima? Nshimirimana akiolewa hapa kwetu, hubaki Nshimirimana.

Yuko Mwairishi mmoja ambaye sisi wa Bujumbura tunamkumbuka kuliko Rais yule. Ni Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa katika nchi yetu, aliyezaliwa Nenagh, katika Tipperary hiyo hiyo ya kina Ó Cinnéide. Alijitahidi kuwapatanisha Warundi waliokuwa wakipigana, na tarehe 29 Desemba 2003 alipigwa risasi karibu na Minago, akiwa njiani kuja Bujumbura. Padre haachi mtoto wa kurithi jina. Hata hivyo wazee wetu wanalitaja bado, tena kwa heshima. Wahenga walisema kweli kwamba jina jema hung'aa gizani.

Najua hoja kubwa ya wanaonipinga: makaratasi. Kaka zetu walio Ubelgiji na Kanada wanasema kwamba mama akisafiri na mtoto mwenye jina lisilofanana na lake, husimamishwa mpakani na kuulizwa maswali. Ni kweli, tena hata hapa nyumbani yamenipata. Mimi na dada yangu tulikwenda katika ofisi moja kuomba karatasi za safari. Karani alitazama jina langu, akatazama la dada, akatuuliza mara tatu kama kweli tumezaliwa na baba mmoja. Ilitupasa kurudi kesho yake na vyeti vya kuzaliwa. Dada alikasirika, akasema watoto wake wote wataitwa jina moja. Simlaumu. Lakini nadhani kosa ni la karani asiyejua nchi. Karangamuntu yetu ina mstari wa Se na mstari wa Nyina, yaani baba na mama. Mwenye macho asome.

Tena hapa hapa mjini tunayo dawa. Nendeni Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Kijana wa huko huitwa Ramadhani Saidi Juma: Ramadhani ni yeye, Saidi ni baba, Juma ni babu. Hii ndiyo maana ya Ó na Mac tangu asili, yaani bin na binti. Tofauti ni kwamba jina la Mwairishi liligandishwa, hata mtu wa leo huitwa mjukuu wa mtu aliyekufa miaka elfu iliyopita. La Buyenzi hutembea pamoja na watu. Basi anayehitaji jina la pili kwa ajili ya wageni, na aandike Niyonzima wa Ndayizeye. Baba ametajwa, na mtoto hakunyang'anywa jina lake.

Nimeweka mwisho sababu iliyo nzito kuliko zote. Majina ya Kirundi hayataji kabila. Mhutu, Mtutsi na Mtwa huitwa Niyonzima wote watatu, na mwalimu akiita majina asubuhi hawezi kuwatenga kwa sauti. Sisemi kwamba desturi hii ni ngao. Waliouawa mwaka 1972 na mwaka 1993 walikuwa na majina kama haya yetu, nayo hayakuwaokoa, kwa sababu waliowaua waliwajua kwa nyumba na kwa mlima. Lakini tukianza leo kurithi majina, kila jina litakuwa alama ya ukoo mmoja, na baada ya vizazi viwili orodha ya darasa itatosha kumwambia mtu mbaya kila alichotaka kujua. Kwa nini tumwandalie kazi yake?

Wengine watasema kwamba jina la ukoo lingewasaidia mayatima na wakimbizi kuwapata jamaa zao. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini aliyepotea hutambuliwa kwa baba, mama na mlima wa kwao, na haya matatu yaweza kuandikwa na kuhifadhiwa bila kumbadilisha mtu jina.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Kwanza, kaka zetu wa ng'ambo wanaowaandikisha watoto kwa jina lao moja, kwa kuwa sheria za huko zinawabana, wawape watoto hao jina la Kirundi pia, tena wawaeleze maana yake. Pili, kila mwanafunzi atakapokwenda nyumbani likizo hii, amwulize baba au mama: "Siku mliponipa jina hili, mlikuwa mmeona nini?" Wazee hawatakuwapo sikuzote kujibu. Kwa Kirundi twasema Izina ni ryo muntu, jina ndilo mtu; nasi tutawezaje kujijua ikiwa neno la kwanza tuliloambiwa duniani hatulielewi?

Wanaonipinga nawakaribisha kwa moyo mweupe wajibu katika toleo lijalo.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa darasa la mwisho,
Bujumbura.